Sekunde Tisa za Voitto Kemppi

Risala ya Chama cha Kompyuta cha Kuikkakoski, iliyosomwa katika kituo cha zamani cha zimamoto, Jumamosi ya pili ya Novemba

Mgeni rasmi, Bi. Outi Heiskari, Mkuu wa Manispaa yetu. Mwenyekiti wetu, Bi. Tyyne Ruuska. Bi. Helvi Kemppi, uliyekubali kukaa safu ya mbele ingawa hukupenda. Majirani, na nyote mliokanyaga tope la Novemba mpaka hapa: tunawasalimu.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu. Kahawa imo kwenye chupa, maandazi ya iliki kayaoka Bi. Ruuska kwa mkono wake, na baridi iko palepale ulipoiacha mwaka jana, kwa kuwa kipasha joto kingali kinamngoja fundi wa manispaa. Hilo tumelisema kwa utani. Halimo katika maombi yetu ya leo.

Tunajua umekuja na kibao cha shaba cha Tendo Jema la Mwaka. Tumekiona pale pembeni kimefunikwa kitambaa cha bluu, na tumeambiwa jina la chama chetu limekwisha kuchongwa. Tunakushukuru kwa moyo wako. Tunakuomba pia kitambaa kisiondolewe kwanza, mpaka risala hii iishe. Ukiisha kutusikia, utaamua mwenyewe.

HISTORIA

Chama hiki kilianzishwa mwaka 1986 na watu sita waliokuwa na kompyuta moja na majira ya baridi marefu. Tangu hapo kazi yetu ni ileile: kuunda kompyuta kutokana na vipande, na kufufua zilizokufa. Hapa kitu hakitupwi mpaka kife mara mbili. Skurubu zetu tunaziweka katika makopo ya siagi, na makopo hayo ni mengi kuliko wanachama.

Neno letu kubwa ni "inatosha". Wewe umezaliwa huku, Mgeni rasmi, unalijua. Supu ya samaki ikiwa tamu, tunasema inatosha. Mtu akiulizwa kama anampenda mkewe, atakohoa, atasema inatosha, na mke ataridhika kwa mwaka mzima. Hatulioni kuwa neno la uchoyo. Limetuvusha miaka mibaya, ukiwamo ule kiwanda cha karatasi kilipofungwa.

Jambo la pili ni kimya. Kwetu mtu akiulizwa swali hajibu papo kwa papo. Hushusha pumzi, hutazama dirishani, ndipo huanza. Anayejibu haraka tunamdhania anauza kitu. Mambo haya mawili, neno hilo na kimya hicho, tulikuwa tukijivunia. Leo tunayataja kwa sababu nyingine.

Mwanachama wetu nambari nne alikuwa Bwana Voitto Kemppi. Hakuna mtu wa hapa asiyemjua, maana kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyetangaza mechi za mpira wa gongo, ule wa kupiga mpira kwa fimbo na kukimbilia kituo cha nyumbani, kwenye uwanja wetu wa mtoni. Nyumbani hakuwa msemaji. Mkewe, Bi. Helvi, anasema maneno yote ya wiki alikuwa akiyamalizia uwanjani Jumapili. Lakini akishika kipaza sauti, hata ng'ombe wa ng'ambo ya mto walijua nani anaongoza.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, msimu wa vuli wa mwaka juzi Bwana Voitto alipatwa na ule ugonjwa unaozima misuli, mmoja baada ya mwingine. Ulianza na ulimi. Kufikia Januari ya mwaka huu, mtangazaji wetu alikuwa akiandika kwenye vipande vya karatasi.

Aliazimwa kifaa cha kumsemea. Kilikuwa kifaa kizuri, hatuna lawama. Ila sauti yake ilikuwa ya kijana fulani wa mji mkuu, anayetamka kila neno kama anasoma hali ya hewa. Voitto alikisikiliza siku moja, kisha akaandika: "Huyu kijana simjui. Asiongee na mke wangu."

Hapo ndipo sisi tulipoingia. Bi. Helvi alipanda darini akashuka na kanda sitini na moja za mechi za zamani. Bwana Urho Lampela, fundi wetu na rafiki ya Voitto tangu darasa la kwanza, alikaa nazo wiki tano. Aliifundisha kompyuta kuongea kwa sauti ya Voitto mwenyewe, lafudhi yake ya huku na kukwaruza kwake kwa tumbaku. Zipo huduma za kufanya hivyo kwenye mashine za watu wa mbali, lakini Voitto alikataa katakata. Aliandika kwamba sauti yake haitoki nje ya jiko lake. Basi kompyuta ilibidi ikae pale jikoni, na ifanye kazi yote peke yake.

Sentensi ya kwanza ilitoka tarehe nane Machi. Voitto aliibonyeza herufi kwa herufi kwa kidole cha shahada. Mashine ikanyamaza, kisha ikasema, "Uji umeungua." Kwa kuwa kanda zote zilikuwa za uwanjani, uji huo uliungua kwa shangwe kama mchezaji anayekimbilia nyumbani na watu elfu mbili wamesimama. Bi. Helvi alicheka mpaka akatafuta kiti. Voitto naye mabega yalitikisika. Gazeti lilikuja, likaandika kwamba mtangazaji amerudishiwa sauti yake, na bila shaka ndiko manispaa ilikotusoma.

Mafanikio yetu yanaishia hapo.

CHANGAMOTO

Risala nyingi sehemu hii huzungumzia paa linalovuja. Letu pia linavuja. Lakini tumekubaliana kwa kura, kumi na tatu kwa sifuri, kwamba leo tuseme jambo moja tu, nalo linamhusu zaidi Bwana Urho Lampela. Urho ndiye huyu mnayemwona amesimama akiwasomea. Tulimwambia asome mwingine, akakataa. Alichoomba ni kuandikwa kama anavyoandikwa mtu mwingine, ili aweze kufika mwisho.

Turudi kwenye mkutano wetu wa Februari. Urho aliweka karatasi mbili mezani. Kila moja ilikuwa na picha ya kichakataji, yaani kile kipande cha ukubwa wa biskuti kinachofikiri kwa niaba ya kompyuta nzima.

"Hiki ni cha bei nafuu," akasema. "Kina miaka sita tangu kitoke, euro tisini, na kinakaa kwenye ubao mama tulionao. Hiki cha pili ni kipya, ndicho kikali kuliko vyote dukani. Ila hakikubali ubao wa zamani. Kinataka ubao wake, kumbukumbu zake, na feni kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Jumla inapita elfu."

Bi. Ruuska akavua miwani. "Urho bwana, mtu anataka kuomba chumvi tu. Wewe unataka kumnunulia roketi?"

"Tofauti ni kusubiri. Kwa hiki kipya, anabonyeza, sauti inatoka. Kwa cha tisini, sauti inakuja baada ya sekunde tisa."

"Tisa tu?" mtu akasema. "Mimi mwenyewe nachelewa kuliko hapo. Muulizeni mke wangu."

Tulicheka. Urho naye akacheka, na ndiyo sehemu inayomuuma zaidi, kwamba alicheka. Tukasema watu watadhani ni Voitto yuleyule, anatazama dirishani kwanza. Kwetu sekunde tisa ni adabu. Mahali pengine pote duniani, tunadhani, fundi yeyote angeona kasoro; sisi tuliona tabia ya nyumbani.

Kisha mmoja wetu akasema neno ambalo mwenyewe hatumtaji jina, kwa sababu neno hilo lilikuwa kichwani mwa kila mtu. "Na daktari kasema mwaka mmoja, kama si pungufu. Hiyo mashine ya elfu, baadaye nani ataitumia?"

Hakuna aliyejibu. Na kwetu kimya kikizidi, huandikwa kuwa wamekubali.

Urho alikuwa na jibu. Alijua mashine inavyofanya kazi kuliko sisi sote, na alijua sekunde tisa ndani ya mazungumzo si kitu kidogo. Nyumbani kwake, chini ya meza, alikuwa na kichakataji kikali cha mwaka uliopita, anachokitumia kurushia ndege za kuigiza kwenye skrini jioni za mvua. Alikiwaza. Akajiambia hakiingii kwenye ubao ule, jambo ambalo ni kweli, akaridhika na ukweli huo. Tukaamua tujaribu kwanza cha tisini.

Mwisho wa Machi tulikwenda jikoni kwa Kemppi, watu saba, kufunga shauri rasmi. Bi. Ruuska alibeba nyundo yake ya mbao, kwa kuwa bila nyundo si mkutano. Tulinywa kahawa. Voitto alikaa karibu na dirisha, kidole juu ya vibonyezo. Mwenyekiti akamgeukia.

"Haya Voitto, useme mwenyewe. Inatosha?"

Kidole kikashuka. Sisi tukangoja, kama watu wenye adabu wanavyongoja. Sekunde tatu, nne, labda tano. Bi. Ruuska akatutazama, tukaitikia kwa vichwa, akagonga nyundo. Katibu akaandika kwenye muhtasari: Inatosha. Wino haujakauka, mashine ikanguruma kutoka dirishani kwa sauti ya uwanjani:

"Haitoshi."

Mgeni rasmi, tulicheka mpaka machozi. Tulidhani ni mzaha wake. Sauti ile ilikuwa ya shangwe mno, kama mpira umevuka uzio. Voitto alitutazama mmoja mmoja, akabonyeza tena, lakini tulikwisha kusimama tukitafuta makoti, tukipigana mabega. Bi. Helvi alibaki akakisikia alichosema mara ya pili. Alisema, "Nimemaanisha."

Bi. Helvi hakutupigia simu. Alidhani nyundo ikishagongwa mambo yamekwisha. Naye ni wa hukuhuku.

Mwezi wa Mei Urho alipita kumsafishia feni. Bi. Helvi alikuwa akikata vitunguu.

"Anaendeleaje kuongea?" Urho akauliza.

"Anaongea vizuri. Anaongea jana," Bi. Helvi akasema. "Nikigomba, mimi nimeshamaliza nimeingia kwenye jambo la tatu, ndiyo ananijibu la kwanza. Utani wake unakuja watu wameshanyamaza. Binti yetu akipiga kutoka Oulu anasema 'baba, baba, upo?' halafu anaagana na mimi. Juzi Voitto kazima mashine mwenyewe. Siku nzima. Nikamuuliza kwa nini, akaandika kwenye karatasi: 'Naona haya kuongea na migongo ya watu.'"

Urho alimaliza kusafisha feni, akaenda nyumbani, akaagiza kile kichakataji kipya kwa fedha yake, pamoja na ubao wake na kumbukumbu zake. Hakumwambia mtu, hata Voitto. Alitaka afike nacho tu.

Mzigo ulifika Jumatano, siku mbili kabla ya mkesha wa sikukuu ya kiangazi. Urho aliuchukua dukani, akauweka kwenye benchi la ukumbini kwake. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa tatu tu. Angeweza kwenda jioni ileile. Lakini mnajua desturi: siku za sikukuu ile hatubishi hodi kwa watu. Kila familia iachwe na sauna yake, kile kibanda cha kuogea mvuke, na mwanga wake. Urho akajiambia kawia ufike, Jumatatu si mbali. Ilikuwa Jumatano na mtu amekaa umbali wa dakika sita kwa baiskeli, akingoja bila kujua anangoja nini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini si ya yule anayesema ngoja.

Mkesha wa sikukuu, Ijumaa, saa nane na dakika sita mchana, Bi. Helvi alisimama mlangoni pa jiko na ndoo. Alimwambia mumewe, "Nakwenda kuwasha sauna." Alimwona kidole kimeshuka. Akangoja kidogo. Hakusikia kitu, akadhani kidole kimejiangukia chenyewe kama kilivyozoea siku zile. Akatoka.

Alipokuwa katikati ya njia, karibu na rundo la kuni, alisikia sauti ya mtangazaji nyuma yake, kupitia dirisha lililokuwa wazi. Alidhani ni redio ya jirani, kuna mechi. Alikwenda akawasha moto, akakata majani ya mti wa mbetula kwa ajili ya kuoga, akateka maji. Aliporudi, Bwana Voitto alikuwa amekwisha kutuacha.

Daktari alisema moyo, na kwamba hata angekuwapo mtu pembeni isingesaidia. Kwa hiyo, Mgeni rasmi, hatusemi kichakataji kingemwokoa. Tunachosema ni kwamba angesikika.

Mashine hujiandikia kila ilichosema, na saa yake. Baada ya mazishi Bi. Helvi aliturudishia kompyuta kwa toroli, imefutwa vumbi, imefungwa kwa shuka safi. Urho aliifungua ili apate vipande vya kumtengenezea mtu mwingine, akaona mstari wa mwisho. Alibonyeza saa nane, dakika sita, sekunde kumi na moja. Ikasema sekunde ya ishirini.

Urho alikaa na mstari ule wiki saba. Kila siku alisema kesho. Agosti alikwenda, akamkuta Bi. Helvi kwenye ngazi anachambua beri, akamwambia yote, pamoja na mzigo wa ukumbini. Bi. Helvi alitazama sauna. Ndipo akauliza, "Alisema nini?"

Urho akamwambia. Alisema: "Helvi, usiende. Kaa hapa na mimi."

Bi. Helvi akaendelea na beri zake kitambo kirefu. Kisha akasema maneno ambayo tumeruhusiwa kuyaandika. "Miaka arobaini na moja hajawahi kuniambia usiende. Siku aliyosema, nilikuwa nahesabu kuni."

Bi. Helvi alipoambiwa kwamba manispaa inatuletea zawadi, sisi tulikuwa tunataka kukataa kwa barua. Yeye ndiye aliyesema hapana, isomwe mbele za watu. "Voitto alikuwa mtangazaji," akasema. "Hajawahi kusema jambo la maana mbele ya mtu mmoja."

MAOMBI

Mgeni rasmi, maombi yetu ni machache.

Tunaomba kile kibao urudi nacho ulikotoka. Hatukusudii kukudhalilisha. Kikitundikwa ukutani hapa, tutakuwa tunapita chini yake kila Jumanne na makopo yetu ya siagi, na hakuna atakayeinua uso.

Tunaomba, kila ofisi iliyo chini yako itakapomchagulia mgonjwa chombo, cha bei nafuu au cha bei ghali, swali la "inatosha?" aulizwe yeye, na asubiriwe mpaka amalize. Asisubiriwe kwa kadiri ya uvumilivu wetu sisi wenye ndimi. Kama jibu ni haitoshi, liandikwe haitoshi, hata kama nyundo imeshagongwa.

Ule mzigo wa Urho uko hapa, kwenye meza ya kahawa, haujafunguliwa. Tumesikia kuna mwalimu mstaafu wa upande wa reli ambaye sauti yake imeanza kukatika. Tunaomba anwani yake, kwa ridhaa yake. Tutakwenda kesho. Kesho ni Jumapili, tunajua, na tutabisha hodi.

Ombi la mwisho ni hili. Bi. Helvi hajawahi kukisikia vizuri kile alichoambiwa. Alikisikia nyuma ya mgongo wake akidhani ni mechi. Ametaka kukisikia leo, hapa, na mashine tumeileta, ni hiyo iliyo mbele yake. Ndani yake kimo kichakataji kilekile cha euro tisini. Hatukukibadilisha, kwa sababu tulitaka sote tukae ndani ya sekunde zile. Urho akimaliza kusoma atabonyeza. Tunakuomba, Mgeni rasmi, usitupigie makofi, wala usianze hotuba yako. Ngoja pamoja nasi.

Mungu akujalie kusikia kwa wakati wale wanaokutegemea. Amrehemu Bwana Voitto, na amfariji mkewe. Na sisi atusamehe, kama itampendeza.

Ni sisi, Chama cha Kompyuta cha Kuikkakoski, wanachama kumi na watatu, tuliokuwa kumi na wanne.

Urho, bonyeza. Bi. Helvi amekaa. Safari hii hatoki.